Namna ya kuunganisha seli mbili maabara ziwe moja kwa PEG

Kwanza elewa kwamba seli haziungani hovyo. Kila utando, ile ngozi nyembamba ya seli, una maji yameng'ang'ania kwa nje na hayo ndo yanazuia tando mbili zisikaribiane sana, mwilini kuna protini maalum za kuvuka hapo, ndo maana mbegu na yai vinaungana, seli changa za misuli zinakuwa uzi mmoja wenye viini vingi, hata kondo la nyuma linatumia protini inaitwa sinsitini ambayo asili yake ni kirusi kilichojipachika kwenye DNA ya mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita (hii hainiishi hamu). Maabara tunatumia PEG, yaani polietilini glaikoli, inavuta yale maji, tando zinabanana mpaka zinaingiliana.

Tuchukue haibridoma, yaani seli chotara inayotoa kingamwili bila kukoma, ile ya Köhler na Milstein pale Cambridge 1975, Nobel wakaipata 1984. Seli B (seli nyeupe za kinga) za bandama la panya aliyechanjwa zinatoa kingamwili ila nje ya mwili hazidumu, seli za mieloma ni saratani hazichoki kugawanyika, unataka mtoto mwenye tabia zote mbili.

Osha seli zote kwa midia (maji ya kuleshea seli) isiyo na seramu, yaani majimaji ya damu. Changanya kama 5 za bandama kwa 1 ya mieloma, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji yote kabisa maana yakibaki yanapunguza makali ya PEG, halafu gonga tyubu kwa kidole ule mgando wa seli chini ulegee.

Hapa sasa taratibu. PEG ya 50% iliyopashwa nyuzi 37, mililita 1, tone kwa tone kwa dakika nzima huku unakoroga polepole na ncha ya pipeti, utaona vibonge vibonge, usivivunje. Subiri kama dakika moja, kisha anza kuongeza midia, mililita 1 ya kwanza nayo dakika nzima, baada ya hapo unaweza kwenda haraka kidogo. PEG ikikaa sana inaua, na ukimimina midia kwa pupa seli zinapasuka.

Kuunganisha ni rahisi, kuchuja ndo kazi, kwa sababu nyingi hazitaungana kabisa. Weka midia ya HAT (haipozanthini, aminopterini na thaimidini): aminopterini inaziba njia kuu ya kutengeneza DNA, njia ya pembeni inahitaji kimeng'enya HGPRT na mieloma uliyoichagua haina, kwa hiyo inakufa, seli B zinajifia zenyewe, inabaki chotara tu. Koloni zinaanza kuonekana siku ya 7 mpaka 14, pima kingamwili kwa ELISA (kipimo cha rangi kinachoonyesha kingamwili ipo), halafu tenganisha seli moja moja kila kishimo cha pleti, ile sahani ya maabara yenye vishimo vingi.

Na usisahau kishimo kimoja cha mieloma peke yake ndani ya HAT. Kikiwa bado hai wiki ya pili, usipoteze ELISA yako kwenye pleti hiyo, hizo koloni huwezi kuziamini.