Somo: Kuhesabu maji yaliyojificha ndani ya mrututu

Ukiushika mrututu, ile salfeti ya shaba ya buluu, utaapa ni mkavu. Kumbe asilimia 36 ya uzito wake ni maji, yamepangwa kwa hesabu maalumu ndani ya fuwele. Chumvi ya aina hii ni haidreti. Ukiyafukuza maji yote inabaki anhidrasi, na mrututu huwa unga mweupe. Ni sumu, usiuonje wala kupashia kwenye chombo cha jikoni.

Hatua ya 1: Pasha kikombe kidogo cha kaure kikiwa kitupu, kiache kipoe, kipime. Changu kilikuwa gramu 20.00.

Hatua ya 2: Tia mrututu uliosagwa, gramu 2.50.

Hatua ya 3: Pasha kwa moto mdogo kwanza, kisha ongeza. Ukianza na moto mkali chembe zitaruka nje, nawe utazihesabu kuwa ni maji.

Hatua ya 4: Poza, upime. Hapa ndipo sisi wa Mtwara tunapoumbuka. Hewa ya pwani ina unyevu, na unga mweupe una kiu. Mwaka fulani niliuacha mezani nikaenda kula. Niliporudi ulishaanza kurudia ubuluu. Upozee ndani ya chombo kilichofunikwa chenye kalsiamu kloridi kavu, upime papo hapo.

Hatua ya 5: Pasha tena, poza, pima, mpaka uzito usibadilike. Wengi hupasha mara moja tu wakaridhika.

Hesabu: mwisho nilipata gramu 21.60. Unga ni 1.60, maji yaliyotoka 0.90. Gawa kila kimoja kwa uzito wa moli yake moja (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe): gramu 159.5 kwa unga, 18 kwa maji.
1.60 ÷ 159.5 = moli 0.010
0.90 ÷ 18 = moli 0.050
Uwiano ni 1 kwa 5, yaani CuSO₄·5H₂O.

MASWALI

Masasi, kidato cha tatu: Shikamoo mwalimu. Mimi nimepata uwiano wa 1 kwa 4.2, nimekosea wapi?

Marahaba. Unga wako ulikuwa mweupe kweli, au ulibaki na ubuluu wa mbali? Molekuli nne za maji hutoka kufikia nyuzi 110 hivi, ila ya tano imeshikwa pia na salfeti, haiachii mpaka karibu 200. Taa yako huenda ni dhaifu. Kama ulikuwa mweupe, basi ulichelewa kupima.

Lindi mjini: Wangu umekuwa mweusi na moshi unawasha koo!

Zima moto, fungua madirisha, tokeni nje. Umepitiliza: salfeti yenyewe imevunjika, huo weusi ni oksidi ya shaba. Uzito huo haufai kwa hesabu, anza upya.

Kilwa: Na jasi yetu je?

Nayo ni haidreti, CaSO₄·2H₂O, maji karibu asilimia 21. Ukiichoma kwenye nyuzi 150 hivi hubaki na nusu moli tu ya maji. Ndiyo plasta wanayofungia mfupa uliovunjika: ukiichanganya na maji inayarudisha, inakuwa ngumu.

Mtwara, Mikindani: Chumvi ya mawe hupasuka pa! pa! motoni, na masika hulowana gunia zima. Si haidreti hiyo?

Hapana, ndugu yangu. Chumvi yenyewe haina maji ya fuwele. Kinachopasuka ni matone ya maji ya bahari yaliyonaswa katikati ya punje. Na anayelowesha gunia ni magnesi kloridi iliyobaki kutoka majaruba. Hiyo ndiyo haidreti, ina maji sita, na bado huvuta mengine hewani mpaka iyeyuke.