Somo: Mshubiri kwenye ndoo, hapa hapa uani Moshi

Wengi mmeniuliza kuhusu bangi ya dawa. Hiyo tuiache. Kuipanda ni kosa kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, hata shina moja nyuma ya nyumba, hata kama ni kwa ajili ya magoti ya bibi. Leo tupande mshubiri, alovera.

Kwanza, mche. Usinunue. Jirani mwenye mshubiri mkubwa hakosi watoto walioota pembeni ya mama. Chimbua mmoja wenye majani manne au matano, pamoja na mizizi yake. Usiupande siku hiyo hiyo, wengi wanakosea hapa: uweke kivulini siku mbili tatu, kidonda kikauke.

Ndoo ya rangi ya lita 10 inatosha. Itoboe chini kwa msumari wa moto, matundu matano au sita. Udongo wetu huu migomba inaupenda, ila unashika maji, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni, uongeze kiganja cha samadi iliyooza.

Maji ndiyo yanayoua mshubiri. Chomeka kidole, ukikuta unyevu, weka kopo chini. Masika, Machi hadi Mei, ingiza ndoo barazani. Mwaka mmoja niliacha tatu chini ya mchirizi wa bati. Nilipogusa jani likabaki mkononi, na shina limekuwa uji wa kahawia unaonuka.

Ukivuna, kata jani la nje, la chini. Lisimamishe kikombeni robo saa, maji ya njano yachuruzike, kisha osha na umenye. Ule ute unafaa ngozi iliyobabuka kidogo. Aliyeungua aanze na maji ya bomba, dakika 20.

Maswali

*Mwalimu, naweza kuunywa?*
Hapana, mama. Yale maji ya njano yanaharisha vibaya, na mjamzito ndiyo kabisa asijaribu.

*Mtoto kamwagikiwa na uji, ana malengelenge.*
Hapo usipake kitu, si mshubiri wala dawa ya meno. Mpoze kwa maji, mpeleke hospitali sasa hivi.

*Majani yangu yamekuwa mekundu.*
Umeutoa ndani ukauweka juani ghafla, eti? Uzoeshe taratibu, saa moja moja asubuhi.

*Na watoto unauza, kaka?*
Ninao sita, bure. Njoo na ndoo yako, ila iwe imeshatobolewa.