Unataka kisu cha tanto cha kwenda nacho kambi? Soma hii kabla hujatoa hela

Hapa Tanga likizo ikikaribia tu utasikia vijana wanapanga, hawa wanapanda Lushoto na hema wale wanaenda msitu wa Amani, na hakosekani mmoja kwenye msafara mwenye kisu cheusi cha tanto kiunoni kama yuko kwenye muvi. Mi sikatai, kisu kizuri kile, nami ninacho. Sema wengi wananunua sura halafu wakifika huko wanaanza kuazima kisu cha mama ntilie kukatia vitunguu.

Tanto kiasili ni ya Japani, silaha fupi ya samurai, bapa lake halifiki hata futi moja. Ila hizi tunazoziona sa hivi zenye ncha iliyokatwa kama patasi ni mtindo wa Marekani, kampuni ya Cold Steel ndo iliufanya ujulikane sana miaka ya 1980, zile za Kijapani za zamani nyingi ncha yake ina mviringo kidogo. Kwahiyo ukiitazama hii ya kisasa utaona ina makali mawili yaliyonyooka, marefu ya chini na mafupi ya mbele, yanakutana kwenye kona. Hiyo kona ndo kila kitu, ukiielewa kona umeshajua kama kisu kinakufaa au hakikufai.

Faida yake ni kwamba ncha ina nyama, chuma kimebaki kinene mpaka mwisho, kwahiyo ukitoboa kopo la maziwa, ukichimba tundu kwenye mti mkavu au ukichokonoa kitu kilichokwama haivunjiki kirahisi kama ncha nyembamba. Na kona yenyewe inakwangua vizuri sana, maganda ya mti ya kuwashia moto unapata kama pamba. Tatizo liko kwenye tumbo, yani hana tumbo kabisa, ule mviringo wa kisu cha mchinjaji haupo, sasa umepewa mbuzi wa kuchuna au kuku wa kutoa matumbo hapo ndo utajuta, ile kona inadaka ngozi inatoboa, ukiteleza kidogo umepasua nyongo na nyama yote chungu. Kama safari yako ni mambo ya nyama na samaki zaidi kuliko kuni basi chukua kisu chenye ncha ya kawaida, usijilazimishe.

Haya umeamua ni tanto. Kitu cha kwanza usiangalie makali, angalia mpini. Mi cha kwanza nilinunua elfu kumi na tano kwa mtu anatandaza chini, kinang'aa, kina dira kwenye kitako na kiberiti ndani ya mpini, nikasema hiki ndo chenyewe. Usiku wa kwanza kule juu baridi inauma nikaweka kisu kwenye kipande cha kuni nikagonga mgongo na gogo ili kipasue, pigo la tatu mpini nimeshika mimi bapa liko kwenye kuni. Kumbe chuma kiliishia pale kwenye shingo, kimefungwa na nati moja basi. Kwahiyo tafuta kile ambacho chuma kimepita mpini mzima, unakiona pembeni mwa mpini kimebanwa katikati ya vipande viwili na ribiti. Mpini wenye uwazi ndani wa kuweka vitu, achana nao.

Urefu wa bapa usizidi sana upana wa kiganja, sentimita 10 mpaka 13 inatosha, ukitaka kukata vichaka panga lipo bwana. Unene milimita 4 hivi, ikifika 6 inakuwa nyundo, hata kiazi inapasua haikati. Mpini ushike mkono ukiwa umelowa, kweli kabisa, lowesha mkono dukani wakuone kichaa, maana Amani mvua haikupi taarifa.

Chuma sasa. Sisi watu wa pwani tuna adui anaitwa chumvi. Chuma cha kaboni kama kile cha namba 1095 kinanoleka haraka na kinavumilia kugongwa, ila ukikitembeza Pangani siku mbili bila kukifuta kina madoa. Kingine kinaitwa D2, kinakaa na makali muda mrefu lakini nacho si stenlesi kamili, yani chuma kisichoshika kutu kirahisi, kwahiyo kutu kinapata. Kwa mtu wa huku mi nasema chukua stenlesi, aina za 440C au AUS-8 zinatosha, labda uwe mtu wa kufuta kisu kila jioni na kukipaka mafuta ya nazi kidogo. Na usikilaze kwenye ala ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kumrudishia chuma. Ala ya plastiki ngumu ni bora, ipindue chini juu uitikise, kisu kikidondoka usinunue.

Kunoa ndo watu wengi wanaharibu. Ukimpelekea fundi wa baiskeli ya kunolea atapitisha moja kwa moja kama kisu cha nyumbani na kona inaisha, unabaki na kitu kisichojulikana. Noa mwenyewe kwenye jiwe, maliza makali marefu kwanza mpaka kwenye kona usimame hapo, geuza upande wa pili, halafu anza ya mbele peke yake kana kwamba ni kisu kingine. Nyuzi 20 hivi kila upande.

Kingine, kwenye hifadhi waulize walinzi getini kabla hujagusa mti wowote, na ukisafiri kwa ndege kisu kiende kwenye begi la kupakiwa chini, si la mkononi.

Changu cha sasa ni cha sentimita 11, kimeshapasua kuni nyingi na mpini haujatikisika. Ila kwenye begi kuna na kile kidogo cha jikoni cha buku mbili, maana kachumbari ya tanto nyanya inatoka juisi.