Namna ya kuwarekodia watoto wakubwa kumbukumbu za familia

Mzazi mwenzangu, ikiwa wanao wamekwisha kuwa na miji yao nawe umebaki na habari za familia ambazo hakuna mwingine anayezijua, usianze kuzirekodi kwa kusema ulizaliwa mwaka gani. Mimi nilianza hivyo, na baada ya dakika kumi nilikuwa nimemaliza shule, kazi, ndoa na kustaafu bila kutaja jambo hata moja ambalo wanangu hawakulijua. Anza na nyumba. Chagua moja uliyowahi kuishi, tuseme nyumba ya Kiswahili pale Magomeni yenye ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji pande mbili, kisha ingia kwa mlango wa mbele na ueleze chumba kimoja baada ya kingine hadi uani: nani alilala humo, maji yalichotwa wapi, na ni ugomvi wa nani uliosikika usiku kwa sababu kuta hazikufika kwenye paa.

Simu yenye kinasa sauti inatosha. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, na uizuie isipokee simu. Feni lazima izimwe, kwa kuwa mvumo wake humeza sauti. Ndiyo maana mimi hurekodi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya joto na kabla ya honi za bajaji. Nusu saa kwa siku yatosha.

Miaka isikutie hofu. Ukiwa huikumbuki, sema kama jambo lilitokea kabla au baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wakati vijana walipokwenda vita vya Kagera, katika zile foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, au baada ya msiba wa Mwalimu wa Oktoba 1999. Usipojua, tamka kwamba hukumbuki, kwa sababu mwaka wa kubahatisha utarudiwa na wajukuu kama ukweli.

Jambo ninalokusihi ulipe muda mrefu kuliko yote ni majina. Desturi yetu ya kumwita mtu mzima kwa jina la mwanawe ni ya heshima, lakini huficha jina lake mwenyewe. Tulikaa na jirani miaka mingi tukimwita Mama Zuhura, na siku ya mazishi yake ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kujua jina alilopewa na wazazi wake. Kwa kila unayemtaja, basi, sema jina lake, la baba yake na la babu yake, kijiji alikotoka, ukoo wake, na jinsi wewe ulivyomwita. Kama jambo lina neno lake katika lugha ya kwenu, iwe Kizaramo, Kinyakyusa au nyingine, litamke kwanza kwa lugha hiyo, tena polepole, ndipo ulieleze kwa Kiswahili. Nyimbo za kubembelezea watoto ziimbe, hata kama sauti imechakaa.

Siri za mtu aliye hai usizirekodi kabla ya kumwomba ruhusa. Zako mwenyewe, ukiona vyema watoto wazijue, zirekodi peke yake, usizichanganye na habari nyingine.

Picha za zamani ziandike namba nyuma kwa penseli laini, kisha katika rekodi utaje namba hiyo na waliosimama kuanzia kushoto. Zilizogandiana katika albamu kwa unyevu wa pwani usizibandue kwa nguvu.

Kila rekodi ipe jina lenye tarehe na mada, mathalani «2026-02-08 nyumba ya Magomeni». Nakala moja ibaki katika simu, nyingine iwe katika flashi, na ya tatu mtumie mtoto anayeishi mkoa mwingine. Kwa WhatsApp itume kama faili, si kama ujumbe wa sauti, ili iwe rahisi kuihifadhi na kuitafuta. Kisha mwombe aulize. Binti yangu, baada ya kusikia habari za ile nyumba, aliuliza bibi yake alikuwa akipika nini siku ambazo unga ulikosekana, swali ambalo halikuwa limenijia kabisa, na Jumapili iliyofuata nikalijibu kwa dakika arobaini.