Fundi, petroli sio ya kunawia mikono

Pita gereji yoyote ya mtaani jioni watu wakifunga kazi, chupa ya petroli inazunguka kila mtu anajimiminia atoe grisi, anajifuta na tambara, tambara linarudi mfuko wa ovaroli. Hapo ndo pa kuanzia kubadilika. Petroli ina benzini ambayo inasababisha kansa ya damu, unaivuta kwa pua na kidogo inapenya kwenye ngozi, halafu petroli yenyewe inakausha ngozi mpaka inapasuka.

Nawa hivi: mikono ikiwa bado mikavu paka mafuta ya kula, sugua mpaka grisi ilegee, futa, ndo uweke sabuni ya unga na unga wa mbao au sukari kidogo, maji yaje mwisho. Inatoka vizuri tu.

Oili chafu nayo watu wanaichukulia poa sana, wengine wanampaka mbwa mwenye ukurutu, wengine wanapaka kidonda (jamani!). Ile imeungua ndani ya injini, imebeba masizi na vyuma vilivyosagika, ikiganda kwenye ngozi kila siku miaka na miaka inaleta kansa ya ngozi. Uingereza enzi zile wafanyakazi wa mashine za kusokota pamba walikuwa wanarukiwa na oili kwenye suruali, wakaishia kupata kansa ya ngozi ya mfuko wa pumbu. Kwa hiyo lile tambara mfukoni litoe sasa hivi, na ovaroli iliyolowa usishinde nayo. Glovu chukua za naitraili (aina ya mpira wa kiwandani unaostahimili mafuta), zile za mpira mweupe petroli inazilegeza haraka.

Sasa kunyonya mafuta kwa mpira. Ubaya wake mkubwa sio tumboni ni kwenye mapafu, petroli na mafuta ya taa ni mepesi mno, ukipaliwa hata kidogo tu yanateleza mpaka ndani na unaweza kupata nimonia mbaya. Kwenye pikipiki huna hata sababu, chomoa paipu ya kabureta fungua koki yashuke yenyewe, kwenye gari tumia pampu ya mkono. Mtu akimeza, au mtoto akinywa mafuta ya taa akidhani maji, USIMTAPISHE na usimpe maziwa, maana akitapika yanapita tena kooni na kuingia kwenye mapafu. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, hasa akianza kukohoa au kuhema kwa shida.

Mafundi nozeli (kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya injini), dizeli ya presha ikikutoboa kidole hata kama ni kitundu cha sindano na hakiumi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, ndani inasambaa na watu wanakatwa vidole kwa kusubiri kesho.

Oili unayomwaga kinga kwenye dumu lenye mfuniko, sio chini karibu na kisima. Na ovaroli ifuliwe peke yake, usichanganye na nguo za watoto.