Punda anagoma kufungwa kichwani? Angalia mikanda kwanza

Wenye punda wa Dodoma hii nawaomba tuongee kidogo, iwe uko Chamwino, Bahi, Mvumi au hapa hapa mjini unavuta maji na mchanga kwa mkokoteni. Kuna punda ukimsogelea na hatamu, yaani ile mikanda ya kumfunga kichwani, mkononi tu ananyanyua kichwa juu, analaza masikio, anarudi nyuma, na watu wanasema huyu mkaidi halafu wanaokota fimbo. Mi nasema kabla ya fimbo pitisha mkono polepole juu ya pua yake, chini ya kidevu na nyuma ya masikio, mara nyingi utakuta nywele zimeng'oka, kuna kovu au pametutumka, na ukigusa hapo anashtuka. Punda anaficha sana maumivu, akifika hatua ya kugoma ujue kavumilia siku nyingi.

Kitu cha kuelewa ni kwamba usoni punda hana nyama, ni ngozi nyembamba imelala juu ya mfupa. Pale chini ya kidevu ndo balaa zaidi, kingo za taya ziko wazi kabisa ukizigusa kwa kidole unazisikia, sasa watu wanapitisha pale waya, cheni au kamba nyembamba ya manila ili punda asimame haraka akivutwa. Anasimama kweli, kwa sababu anaumia, na baada ya muda ngozi inakufa ganzi au inachubuka anaanza kuvuta kichwa upande na wewe unavuta zaidi. Hiyo cheni toa. Lijamu ya chuma mdomoni nayo kwa punda wa mkokoteni haina kazi, hatamu ya kawaida iliyokaa vizuri na punda aliyefundishwa kwa upole inatosha, na ile ya kuchonga kwa nondo au waya ndo usiguse kabisa maana inakata ulimi na fizi.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Mkanda bora kwa bei ya kawaida ambao nauona ni ule wa siti za gari, nenda kwa wanaouza spea za magari chakavu au gereji uulize, una upana wa karibu sentimita 5, laini, haunyonyi jasho sana na unafulika. Shida yake ni kingo, zile kingo za pembeni zinakata kama umeuacha mtupu, kwa hiyo mpelekee fundi viatu auvalishe kitambaa kizito cha pamba upande unaogusa ngozi, na kitambaa kizunguke kingo zote mbili, mshono uwe upande wa nje. Hapa kwenye mshono mkazanie fundi, fundo moja tu la uzi likikaa ndani linatoboa ngozi kama mwiba. Ngozi ya ng'ombe ni nzuri pia ila kwa kiangazi chetu cha Dodoma kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja inakauka inakuwa ngumu kama ubao, lazima uipake mafuta ya kula au ya ng'ombe mara kwa mara, na oili chafu ya gari usipake, inaunguza.

Tyubu ya tairi watu wanaipenda kwa sababu inavutika, lakini inafungia joto na jasho halafu vumbi letu hili jekundu linagandia hapo linasugua kutwa nzima. Ukiwa huna kingine ivalishe kitambaa. Tairi lenyewe hapana, lina nyaya ndani zikichomoza ni vidonda. Manila kwenye ngozi hapana, na sponji la godoro usidanganyike, siku chache tu limelala na limejaa jasho.

Kukaa kwake sasa, maana mkanda mzuri ukikaa vibaya ni bure. Ule wa puani uwe juu, kama vidole viwili chini ya mfupa wa shavu ule unaotokeza, usishuke kwenye sehemu laini ya pua maana unambana pumzi. Ukishafunga ingiza vidole viwili bapa kati ya mkanda na pua, halafu mpe majani atafune ukiwa unamwangalia, kama taya linakwama legeza. Wa kidevuni unatulia tu bila kukaza. Wa nyuma ya masikio uwe na sehemu ya kufungulia pembeni, ili usilazimike kumpitisha masikio kwa nguvu kila asubuhi, hiyo peke yake imewatuliza punda wengi sana.

Kifuani kanuni ni ile ile ya upana, unashonea mikanda miwili ya gari ikae sambamba upate kama sentimita 9 au 10, ikae juu kidogo ya ule mfupa wa bega unaotokeza mbele lakini chini ya koromeo. Ikipanda juu anakosa hewa, ikishuka miguu haiendi mbele vizuri. Ya mgongoni iwe na mito miwili, kushoto na kulia, uti wa mgongo ubaki wazi katikati.

Siku ya kwanza na mikanda mipya nenda safari fupi tena na mzigo mwepesi, ukirudi fungua uangalie jasho. Kama chini ya mkanda kote kuna unyevu sawasawa, uko vizuri, ila ukiona kijisehemu kikavu katikati ya jasho ujue pale panabanwa mno, rekebisha kabla hapajawa kidonda. Nywele nyeupe zilizoota kama doa ni alama kwamba hapo paliumia zamani. Jioni vua hatamu, usimlaze nayo, kung'uta vumbi, na fua vile vitambaa kwa sabuni kidogo uvisuuze vizuri vikauke kabisa.

Kama tayari ana kidonda, apumzike mpaka kipone, mikanda haipiti juu ya kidonda hata ukiweka kitambaa. Chemsha maji, yakipoa weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, osha taratibu, usiweke maji ya betri wala oili kama wengine wanavyofanya, na kikiwa kirefu, kinatoa usaha au kina funza mwite afisa mifugo wa kata yako. Ukitaka kumtoa malishoni kipindi hicho tumia kamba pana ya shingoni, ilegee, na umwongoze ukitembea pembeni yake.