Kabla hujaingia Fort Jesus

Wengi huingia ngome hii ya Mombasa na kwenda moja kwa moja kwenye makabati ya vioo. Wanatazama vyungu, wanapiga picha na mizinga, basi, safari imekwisha. Kiingilio umelipa chote, ulichoona ni robo. Humu kuta zenyewe ndizo maonyesho, kwa hiyo kabla ya kupakia chupa ya maji, jua kwanza nani na nani wamepokezana jengo hili.

Wareno walianza kulijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, India, na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliwageuka akaitwaa ngome. Waomani waliizingira kuanzia 1696, wakaingia Desemba 1698. Baadaye wakaja Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman uliotawala Mombasa, na Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Ukiwa na hayo kichwani, tafuta ule ukuta wenye michoro ya Wareno: meli, samaki, watu, yote kwa mkaa na udongo mwekundu. Wapo wanaoupita wakidhani ni watoto wamechafua. Simama hapo, uone jinsi milingoti ya meli ilivyochorwa na mtu aliyezijua meli vizuri. Usiguse, na kama una watoto, waambie hilo mkiwa bado getini, maana wakishaingia ndani masikio hayapo.

Nenda asubuhi. Uwanja wa katikati hauna kivuli cha maana, na jua la saa sita Mombasa halina mzaha, hasa Januari na Februari. Vaa viatu vinavyoshika: ngazi za mawe zimelika, na mvua ikinyesha ndara zitakuangusha. Mzee mwenye magoti mabovu asilazimishwe kupanda juu ya kuta. Vya chini vinamtosha. Ila wewe mwenye nguvu usikose Nyumba ya Waomani.

Beba kitambulisho, kwa sababu mwananchi na mgeni hawalipi sawa, na uwe na pesa kwenye simu, usitegemee noti pekee. Ukitaka mwongozaji, muulize kitambulisho chake cha kazi na mkubaliane bei kabla hajaanza kusimulia. Mzuri utamjua: muulize habari za Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama hapo chini mwaka 1697, uone kama atakupeleka kwenye vitu vilivyoopolewa humo au atabadilisha mada.

Ukipanga kuunganisha na Mji wa Kale, vaa nguo za heshima, ujue Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala, na usimpige mtu picha barazani kwake bila kumsalimu na kumwomba ruhusa.